Bwana Hans Renold na Cheni ya Pikipiki

Wasomaji wa gazeti letu wamekwisha kuletewa habari za wafalme, za mabaharia waliozunguka dunia, na za madaktari waliovumbua dawa. Habari hizo ni njema. Walakini safari hii napenda kuwaletea maisha ya mtu ambaye hakutawala nchi wala hakuongoza jeshi. Wanaomjua vyema ni mainjinia, nao humheshimu sana. Sisi wengine twaijua kazi yake bila kulijua jina lake. Kila pikipiki ipitayo mbele ya lango la shule, isipokuwa chache mno za namna nyingine, huzungushwa gurudumu lake la nyuma na kitu alichokibuni mtu huyu. Jina lake ni Hans Renold, na kitu chenyewe ni cheni.

Alizaliwa mwaka 1852 katika mji wa Aarau, kando ya mto Aare, nchi ya Uswisi. Nchi hiyo haina bahari kabisa. Mimi niliyezaliwa kisiwani huona ajabu kidogo kufikiri ya kwamba watu waweza kuishi vizazi na vizazi bila kusikia wimbi, wakawa matajiri tena. Lakini Waswisi walitafuta riziki yao katika kazi za mikono iliyo sahihi, kama vile kutengeneza saa, na kijana Hans alikua katika desturi hiyo. Alisoma uinjinia katika chuo cha ufundi cha Zürich. Alipokuwa na umri wa miaka 21, yaani mwaka 1873, akaiaga nchi yake akaenda Uingereza, akashukia katika mji wa Manchester.

Mji huo siku zile ulikuwa kama soko kuu la pamba la dunia nzima. Pamba iliingia kwa robota, ikatoka ikiwa uzi na nguo, na nguo hizo zilipakiwa merikebuni zikaletwa hata pwani hizi zetu za Afrika Mashariki. Mitambo ya kusokota na kufuma ilinguruma usiku na mchana, na kila mtambo ulikuwa na magurudumu ambayo lazima yavutwe na kitu fulani: ama mkanda wa ngozi, ama kamba, ama mnyororo. Renold alipata kazi katika nyumba ya biashara iliyokuwa ikiuza mitambo nchi za nje. Wengine waweza kudhani kuwa mwana wa chuo amejishusha kwa kuingia katika uuzaji. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipopata elimu yake ya pili, kwa maana muuza mitambo hujua upesi kuliko fundi ni kitu gani kinachovunjika kila mara na kuleta malalamiko.

Katika mji wa Salford, ng'ambo ya mto Irwell, alikuwako mtu mmoja aitwaye James Slater, mwenye karakana ndogo ya kutengeneza minyororo ya mitambo ya nguo. Mwaka 1879 Renold aliinunua karakana hiyo. Alikuwa hajatimiza miaka 28. Basi hapa tusimame kidogo tuutazame mnyororo wenyewe, kwa kuwa asiyeuelewa hataona kwa nini nasumbuka kuandika maisha ya mtu huyu.

Mnyororo wa mitambo wa siku zile ulikuwa na mabamba membamba ya chuma yaliyounganishwa kwa pini. Mnyororo ulipojikunja juu ya meno ya gurudumu, pini ilijizungusha ndani ya tundu la bamba. Bamba lilikuwa jembamba, kwa hiyo mvuto wote wa mtambo uliangukia ukingo wa tundu, mahali padogo sana. Kila nahodha wa kwetu anajua jambo hili ingawa hajapata kuona kiwanda: kamba ikipitishwa katika pete nyembamba ya chuma hukatika upesi, bali ikipita juu ya kapi pana hudumu misimu mingi. Minyororo ile ilikuwa kama kamba katika pete nyembamba. Pini ililiwa, tundu likapanuka, mnyororo ukawa mrefu, ukaanza kuruka meno.

Mwaka 1880 Renold alitoa dawa ya ugonjwa huo. Alichukua kibomba kifupi cha chuma, ambacho mafundi hukiita bushi, akakikaza katikati ya mabamba mawili ya ndani. Pini akaipitisha ndani ya bushi, ikawa haigusani tena na ukingo mwembamba bali yasuguana na bushi kwa urefu wake wote. Juu ya bushi akavisha rola, yaani kibomba kingine kilicholegea, ambacho hujiviringisha kinapokutana na jino la gurudumu badala ya kulikwaruza. Basi ni hayo tu. Mtu akiitazama cheni mkononi aona kana kwamba mtoto angaliweza kuibuni. Lakini mitambo ilikuwa imevutwa kwa minyororo miaka mingi, na mafundi wengi hodari walikuwa wakibadili mabamba yaliyolika, wala hawakutazama palipokuwa pakisuguana.

Umbo alilolitoa mwaka ule ndilo tulilo nalo hata leo. Bamba la nje, bamba la ndani, pini, bushi, rola. Chuma kimekuwa bora, na pikipiki kubwa zina cheni zenye vipete vya mpira vya kuhifadhi mafuta ndani, lakini Renold akifufuka akaikuta cheni ya pikipiki ya boda boda angeitambua bila kuelezwa.

Cheni ile ilitengenezwa kwa ajili ya mitambo ya nguo, nayo ilikuja kupata bahati isiyotazamiwa. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa mji wa Coventry alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribiana ukubwa, na gurudumu la nyuma likavutwa kwa mnyororo. Kabla ya hapo watu walipanda baiskeli za gurudumu moja kubwa mno la mbele, ambazo kuanguka kwake kulikuwa kama kuanguka kutoka mnazini. Baiskeli mpya ikaenea dunia nzima, na watengenezaji wa cheni wakawa na kazi tele. Kisha zikaja pikipiki. Nyingi za kwanza zilivutwa kwa mkanda wa ngozi, nao mkanda ukilowa mvua huteleza, ukikauka hulegea. Polepole cheni ikachukua mahali pake. Hata ndege ya ndugu wawili Wright, iliyoruka mwaka 1903, pangaboi zake mbili zilizungushwa na injini kwa njia ya cheni.

Sasa nitaacha kidogo habari za Manchester nieleze kwa nini mwana wa kisiwani ajishughulishe na mambo haya.

Nyumbani kwetu ni Rongui, kisiwa kidogo jirani ya Vamizi, katika mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, nami naandika haya nikiwa hapa likizoni. Wenzangu wengi hawajapata kuliona jina hilo katika ramani, wala siwalaumu. Kisiwani hakuna pikipiki, kwa kuwa hakuna pa kuiendesha. Mtu huenda kwa miguu yake, na baharini kwa ngalawa au mashua. Lakini samaki na pweza wetu, wabichi kwa wakavu, huvushwa kwenda nchi kavu, na huko pwani hungojwa na vijana wenye pikipiki, ambao huwafunga nyuma katika matenga na kukimbia nao katika njia za mchanga. Kwa hiyo sisi tusio na pikipiki hata moja twala kwa cheni kama watu wa mjini.

Tangu vita vilipoanza katika mkoa wetu mwezi wa Oktoba 2017, na zaidi baada ya mji wa Palma kushambuliwa mwezi wa Machi 2021, watu wengi walikimbia makwao, na fundi mwema hukimbia kama mtu mwingine yeyote. Waliobaki katika pwani ya karibu nasi walikuwa wachache, na vipuri vikawa haba. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alikuwa na pikipiki ambayo cheni yake ilikuwa imerefuka. Fundi mmoja, ambaye sitamtaja, aliifupisha kwa kutumia msumari na nyundo. Aliisukuma pini ikatoka nusu, akaondoa vipande viwili, kisha akaigonga pini ile ile irudi mahali pake. Kazi ikaisha kwa muda mfupi kuliko kuchemsha chai, na malipo yalikuwa madogo.

Cheni ile ilidumu siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mjomba alimpa matenga mawili ya changu na tasi. Njiani cheni ikakatika mwendo ukiwa mkali. Watu hudhani cheni ikikatika pikipiki husimama tu, na mara nyingine ndivyo. Lakini hii ilijisokota katika gurudumu dogo la meno la mbele, ikalifunga gurudumu la nyuma kama mtu aliyelikamata kwa mkono. Binamu yangu alitupwa akavunjika mtulinga. Barafu haikuwepo. Kufikia alasiri samaki walikuwa hawafai hata kwa mbwa, na samaki wale ndio waliokuwa ada yangu ya muhula wa pili. Nilichelewa kurudi shuleni majuma matatu, mpaka mjomba alipopata samaki wengine. Tulishukuru kwamba kijana alikuwa hai.

Baada ya hapo nilitaka kujua kwa nini pini ile ilichomoka. Mzee mmoja fundi, ambaye alipata kufanya kazi katika gereji za Pemba (nasema Pemba ya Msumbiji, si ile ya Zanzibar), alikuwa na chombo cha kukatia na kubania cheni, naye akaniruhusu kushinda kwake likizo yote iliyofuata. Yeye huiita cheni corrente, kama wafanyavyo wengi wa kwetu waliojifunza ufundi kwa Kireno. Katika kibanda chake nilijifunza mambo ambayo nayaandika hapa kwa kirefu kidogo, kwa sababu najua kuwa baadhi ya wenzangu wana kaka zao waendeshao boda boda, na baadhi ya ninyi mliotutangulia katika shule hii mna pikipiki zenu wenyewe.

Jambo la kwanza ni kuitambua cheni. Pikipiki nyingi ndogo huvaa cheni iliyopigwa chapa ya 428. Tarakimu ya kwanza yaonyesha urefu wa kipande, kutoka pini hata pini: ni thumni nne za inchi, yaani nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7. Tarakimu mbili zifuatazo zaonyesha upana kati ya mabamba ya ndani. Sasa ivute cheni ikae wima, upime vipande 20. Vikiwa vipya ni milimita 254. Vikifika 259, cheni imerefuka kwa sehemu mbili katika mia, na kuifupisha ni kujidanganya, inunuliwe mpya. Mtu asidhani kuwa chuma kimevutika kama mpira. Kilichotokea ni kwamba kila pini na kila bushi vimelika kidogo, na vidogo hivyo vikijumlishwa hufanya urefu. Ni ule ugonjwa wa zamani aliopambana nao Bwana Renold. Yeye aliupunguza sana, lakini hakuna awezaye kuuondoa kabisa.

Jambo la pili ni kuifungua. Kichwa cha pini hupanuliwa kiwandani mfano wa kichwa cha uyoga mdogo ili kisiweze kurudi katika tundu. Hiyo ndiyo ribiti. Ukiisukuma pini hali kichwa kingalipo, lazima kipasue njia, na tundu la bamba huwa pana. Basi kwanza kichwa husagwa kwa tupa au kwa mashine ya kusagia mpaka kiwe sawa na bamba. Ndipo chombo huwekwa. Chombo chenyewe kina umbo la herufi C, na skrubu nene, na mbele ya skrubu ncha ya chuma kigumu isiyozidi unene wa pini. Cheni hukalishwa katikati, ncha ikatazamana na pini sawasawa, na skrubu huzungushwa polepole. Ikiwa nzito mno, mzee alinikataza kuongeza nguvu. Husimama, akalegeza, akasaga tena. Ncha nyingi huvunjika kwa haraka ya fundi. Pini zote mbili za bamba moja husukumwa kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, ili bamba litoke bila kupinda. Pini zilizotoka hutupwa. Mzee alikuwa na kopo lake la kuzitupia, naye hakumruhusu mtu yeyote kuchokora humo.

Jambo la tatu, ambalo ndilo gumu, ni kuifunga. Hutwaliwa kiungo kipya chenye pini mbili mpya, hupakwa grisi, hupitishwa katika bushi za ncha mbili za cheni. Idadi ya vipande lazima iwe shufwa, kwa kuwa vya ndani na vya nje hupokezana. Kuna kipande kilichopinda kwa ajili ya idadi ya witiri, lakini ni dhaifu, na mzee hakukitaka. Kisha bamba la nje hukandamizwa kwa chombo kile kile, maana matundu yake ni ya kubana na haliingii kwa mkono. Hapa ndipo panapotakiwa kipimo. Pima upana wa kiungo cha jirani kilichofungwa kiwandani, nawe ukandamize mpaka kipya kiwe sawa nacho. Ukizidisha, kiungo hukakamaa, hakikunji, nacho hulika upesi. Ukipunguza, bamba litatembea lenyewe kidogo kidogo mpaka litoke.

Mwishoni ncha ya chombo hubadilishwa, ikawekwa nyingine yenye umbo la pia. Pini mpya za namna hii zina shimo dogo mwishoni. Ncha ya pia huingia humo ikaupanua mdomo wa pini, kama mdomo wa ua linaloanza kufunguka, ukashika bamba lisiweze kurudi. Huzungushwa kidogo, hutazamwa, hupimwa, huzungushwa tena. Ikizidi, mdomo hupata ufa, na ufa ule utamaliza kazi yake barabarani. Mzee alikuwa akiupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kila pini baada ya kuibana, kisha akikunja kiungo huku na huku ili aone kama kinalegea sawa na wenzake.

Katika pikipiki ndogo wengi hawabani ribiti, bali hutumia klipu, nayo si haramu iwapo imewekwa vizuri. Klipu ina umbo la samaki: upande mmoja umefungwa kama kichwa, upande wa pili uko wazi kama mkia. Kichwa hutangulia kwa mwendo wa cheni. Vijana wa Rongui hawakusahau hilo hata mmoja, kwa kuwa samaki haogelei kinyumenyume.

Katika kibanda kile ndipo nilipofikiri jambo ambalo lilinirudisha kwa Bwana Renold. Tuseme cheni ina vipande 118. Nusu yake, yaani 59, ni vya nje. Vipande 58 hufungwa kiwandani kwa mashine, kila pini kwa kipimo kimoja, mfano wa ile kazi iliyo sahihi ambayo yeye aliisimamia maisha yake yote. Kipande kimoja hawezi kukifunga mtu wa kiwandani, kwa sababu cheni lazima ipitishwe kwanza katika pikipiki. Hicho kimeachwa kwa fundi wa kijijini na chombo chake. Binamu yangu hakuangushwa na vile 58.

Sasa turudi Manchester. Biashara ya Renold ilikua, naye hakukaa tu juu ya jambo moja alilolivumbua. Mwaka 1895 alitoa cheni ya namna nyingine, isiyo na rola, ambayo mabamba yake yenyewe yamekatwa meno. Hiyo huenda kimya, ikapendwa katika mitambo ya mwendo wa kasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 alianza kujenga kiwanda kikubwa huko Burnage, upande wa kusini wa Manchester.

Mimi namsifu zaidi kwa jinsi alivyowatazama wafanya kazi wake. Siku zile watu wa viwandani Uingereza walizoea kufanya kazi zaidi ya saa 50 kwa juma. Mwaka 1896 Renold alipunguza saa za kiwanda chake zikawa 48, na katika miaka hiyo hiyo akafungua chumba cha chakula kiwandani, ili watu wapate kula kitu cha moto wakiwa wamekaa mezani. Waajiri wengi waliona mambo hayo ni upotevu wa fedha. Kwa maoni yangu hapa pia alifanya kama alivyofanya kwa mnyororo: alitazama mahali panapolika.

Walakini sitaki kumfanya mtu mkamilifu, maana gazeti hili si mahali pa kutunga malaika. Alivutiwa mno na mafundisho ya Mmarekani mmoja, Frederick Winslow Taylor, aliyeshika saa mkononi kupima kila tendo la mfanya kazi, dakika kwa dakika, apate kujua njia iliyo fupi kupita zote. Renold alikuwa miongoni mwa waajiri wa kwanza wa Uingereza kuyaleta mafundisho hayo kiwandani. Twaweza kuona faida yake: kila chombo mahali pake, kila kazi na maandishi yake, hakuna mtu wa kuzunguka nusu siku akitafuta spana. Hata hivyo mtu kusimamiwa kwa saa kama farasi wa mashindano ni jambo ambalo mimi nisingalilipenda, na wafanya kazi wengi wa Uingereza na Marekani hawakulipenda. Mwanawe, Charles, aliyezaliwa mwaka 1883 na kusoma Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alijulikana baadaye kwa kuunda kamati za wafanya kazi, ambamo watu wa karakana waliweza kukaa na wakubwa na kusema yanayowasumbua. Yamkini mtoto aliona kilichopungua katika kazi ya baba.

Hapa nina neno moja la pembeni. Katika pwani yetu neno mnyororo halina sifa njema. Kisiwa cha Ibo, kusini mwa kwetu, kilikuwa bandari ya watumwa, na wazee wakitaja minyororo hawafikirii baiskeli. Mafundi wetu husema cheni, au corrente, nami naona ni afadhali vitu viwili hivyo vikawa na majina mawili, ingawa vyote ni vyuma vilivyoshikana.

Mwaka 1930 kampuni ya Renold iliungana na kampuni ya cheni ya Coventry, mji ule ule uliotoa baiskeli ya Rover. Mzee alikuwa na miaka 78. Alifariki mwaka 1943, umri wake ukiwa umepita miaka 90, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, siku ambazo matarishi wa majeshi walikuwa wakipeleka barua kwa pikipiki katika pande nyingi za ulimwengu. Mwanawe Charles alipewa heshima ya Sir mwaka 1948. Jina la Renold lingali likipigwa chapa juu ya cheni hata sasa, ingawa cheni nyingi zifikazo kwetu hutoka viwanda vya Bara Hindi na China, ambavyo hufuata umbo lile lile la mwaka 1880.

Binamu yangu amepona, na cheni yake mpya ilifungwa na yule mzee wa Pemba. Cheni iliyokatika nimeiomba, nikakata kipande chenye bamba lililoachia pini, nami nitakileta shuleni muhula ujao nikiweke katika kabati la maabara. Atakayekitazama kwa kioo cha kukuzia ataona kuwa tundu moja la bamba ni duara, na la pili, lile lililopitishwa pini kwa msumari, lina umbo la yai.